iPhone 4 na ule mkono wa kushoto: simu hupimwaje?

Wadau, leo niruhusuni niache mambo ya programu kidogo nisimulie kisa cha redio. Naam, redio! Simu yako ya mkono, hata iwe na kamera ya aina gani, ni redio ndogo inayotuma na kupokea. Na kisa kinachoonyesha vizuri jinsi redio hizi zinavyopimwa ni kile cha iPhone 4, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 24 Juni 2010.

Apple walithubutu. Badala ya kuficha antena ndani, waliigeuza kuwa ule ukanda wa chuma unaozunguka simu: kipande kimoja cha Wi-Fi, Bluetooth na GPS, kingine cha kupigia. Kati yao, upande wa chini kushoto, kuna mwanya mwembamba. Mara tu ilipotoka, wanunuzi wakaanza kulalamika. Ukiishika kwa mkono wa kushoto kiganja kikaziba mwanya huo, vimstari vya network vinashuka kimoja kimoja. Mteja mmoja alimwandikia Steve Jobs barua pepe, akajibiwa asiishike hivyo. Jibu gani hilo, jamani!

Sasa, simu hupimwaje? Huwekwa katika chumba ambacho kuta zake zimejaa sponji zenye ncha kama piramidi, zinazomeza mawimbi yasirudi kama mwangwi. Simu inazungushwa pande zote huku nguvu inayotoka ikipimwa. Ukijumlisha, unajua inatuma kiasi gani. Upande wa kupokea, mtambo unaoigiza mnara hupunguza nguvu yake polepole mpaka makosa yanapopita kiwango kilichowekwa. Hesabu ni ya desibeli: ukipoteza 3, nguvu imebaki nusu; ukipoteza 20, imebaki moja kwa 100. Lakini mwili wa binadamu, wenye maji mengi na chumvi, unameza mawimbi na kuvuruga antena. Chumba kizuri bila kichwa na mkono kinakupa nusu ya habari tu.

Kinachonichekesha kama mwanaprogramu ni barua ya Apple ya tarehe 2 Julai. Walisema fomula ya kuonyesha vile vimstari ilikuwa na kosa tangu iPhone ya kwanza: mara nyingi ilionyesha viwili zaidi ya haki. Yaani mtu aliona vinne penye viwili, kisha akishika simu vinaporomoka ghafla. Sawa, lakini fomula haiwezi kukata simu yako.

Jarida la Consumer Reports halikuridhika. Lilipima simu tatu katika chumba kilichozuiwa mawimbi ya nje, kwa mtambo wa kuigiza mnara, na tarehe 12 Julai likatangaza haliwezi kuipendekeza. Dawa yao? Bandika kipande cha utepe mzito juu ya mwanya!

Siku nne baadaye Jobs aliwaita waandishi wa habari. Alionyesha vyumba 17 vya kupimia, uwekezaji wa zaidi ya dola milioni 100, na video za simu za BlackBerry, HTC na Samsung zikipoteza network zikishikwa. Alikuwa na hoja. Ila hata yeye alikiri kwamba takwimu za AT&T zilionyesha iPhone 4 inakata simu zaidi kuliko 3GS, japo kwa chini ya simu moja katika kila 100. Wateja wakapewa makasha bure.

Mbona vyumba 17 havikutosha? Kuna jambo moja la kufikiria. Simu ya majaribio iliyopotea katika baa huko California miezi michache kabla ilikuwa imevishwa kasha ili ionekane kama 3GS. Nje ya maabara, basi, kiganja cha aliyekuwa akiijaribu hakikugusa chuma. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini kwangu inaeleza mengi.

Mwaka 2012 kesi ya wateja Marekani iliisha kwa malipo ya dola 15 au kasha. Kufikia wakati huo iPhone 4S, ya Oktoba 2011, ilikuwa tayari inachagua yenyewe kati ya antena mbili, kutuma na kupokea.