Salme wa Unguja: mapenzi ya siri, kashfa ya nyumba ya sultani na mali iliyopotea

Mwezi wa 8 mwaka 1866, mjini Unguja, binti mmoja wa sultani alitoroka usiku. Alishuka pwani, akaingia kwenye mashua, akapelekwa hadi kwenye manowari ya Waingereza yenye jina Highflyer. Binti huyo aliitwa Salme binti Said. Zilibaki siku chache atimize miaka 22. Alikuwa na mashamba yake mwenyewe, watumishi wake mwenyewe, na kaka yake ndiye aliyekuwa anatawala. Lakini alikuwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, jirani yake, na siri ilikuwa imeanza kuonekana kwa macho.

Kisa hiki kinapendwa sana. Waandishi wa riwaya wa Ujerumani na Uswisi wamekitungia vitabu, na wengi wanakisimulia kama hadithi ya mapenzi tu: binti mzuri, jumba la kifahari, mgeni kutoka mbali. Lakini msikilizaji wa Maniema, Kivu au Ituri ana sababu ya kukitazama kwa jicho lingine. Ni kisa cha mtu aliyekimbia kwao na kupoteza urithi. Na mali iliyojenga jumba lile ilitoka kwenye jasho la watu wa bara, baadaye hata watu wa huku kwetu.

Nyumba ya watoto matajiri

Salme alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake, Said bin Sultan, alitawala Oman na Unguja pamoja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, mbali kule kwenye milima ya Kaukazi. Sultani alikuwa na masuria wengi, na alipokufa mwaka 1856 akiwa baharini, aliacha watoto zaidi ya 30.

Watoto hao walikua katika utajiri. Wasichana walivaa hariri na dhahabu, walikuwa na watumwa wa kuwahudumia, na kila mmoja alijua mama wa nani anapendwa na wa nani amesahauliwa. Salme alikaa miaka kadhaa karibu na kaka yake Majid, na huko alijifunza kupanda farasi na kutumia silaha.

Jambo moja hakupewa: kuandika. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kalamu haikuonekana kuwa kitu cha mwanamke. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Siri hiyo ya kwanza ndiyo iliyomletea matatizo ya kwanza.

Barua za uasi

Baada ya Said kufa, ufalme uligawanyika. Thuwaini alibaki na Oman, Majid akachukua Unguja. Salme, ingawa alikuwa na miaka 12 tu, alihesabiwa kuwa mtu mzima na akapewa fungu lake la urithi: shamba lenye nyumba, pamoja na pesa. Mwaka 1859 mama yake alikufa kwa kipindupindu.

Mwaka huohuo kaka mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda kupita wote, alikuwa upande wa Barghash, na akamvuta. Mkutano wa siri ulihitaji mtu wa kuandika barua kwa wakubwa wa mashambani na kupanga habari za silaha. Ndani ya ile nyumba ya wanawake, aliyeweza kazi hiyo ni Salme. Akawa karani wa uasi akiwa na miaka 15.

Majid alipopata habari, askari walizunguka nyumba ya Barghash na kuikatia maji. Ndipo madada walipofanya jambo lililosimuliwa mjini kwa miaka mingi: walimfunika Barghash kwa vazi la kike, wakatoka naye usiku katikati ya wanawake, askari wakiwapisha kwa heshima. Akafika kwenye shamba lililoitwa Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Lakini Majid alisaidiwa na Waingereza, na uasi ukavunjwa. Barghash alipelekwa Bombay, India, akakaa huko karibu miaka 2.

Salme hakufungwa. Adhabu yake ilikuwa kutengwa. Alikaa mashambani, kwanza Kizimbani, kisha Bububu, na jamaa wengi waliacha kumtembelea. Baadaye Majid alimsamehe, wakapatana. Kupatana huko kukamkasirisha Khole na Barghash. Kwa hiyo msichana huyu aliporudi kukaa mjini alikuwa na mali, lakini ndugu wa kumlinda walikuwa wamepungua kila upande.

Jirani wa ng'ambo ya ukuta

Nyumba aliyokaa mjini ilipakana na ya Rudolph Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg aliyefanya kazi ya biashara. Mji wa mawe wa Unguja una vichochoro vyembamba, na dari za nyumba ziko karibu karibu. Jioni Salme aliweza kuona karamu za Wazungu upande wa pili. Mazungumzo yakaanza, urafiki ukaja, mwisho ikawa mimba.

Kwa heshima ya ukoo ule, jambo hilo lilikuwa zito kupita kiasi: binti wa sultani, Mwislamu, hajaolewa, na mwanaume ni Mkristo wa kigeni. Mjini watu walianza kunong'ona. Mke wa daktari Seward, aliyeshika kazi ya konseli wa Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Usiku waliochagua ulikuwa wa sikukuu ya Mwaka, wakati wanawake wa pwani walikwenda baharini kuoga kwa desturi. Katika umati ule, hakuna aliyeshangaa kuona mwanamke mwingine akielekea majini.

Manowari ilimpeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume kabla Ruete hajamfuata. Tarehe 30 mwezi wa 5 mwaka 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ileile wakafunga ndoa. Safari ya kwenda Ulaya ikaanza. Yule mtoto wa kwanza alikufa njiani, Ufaransa.

Hapa ndipo riwaya nyingi zingependa kuishia, kwenye meli na ndoa. Maisha yenyewe hayakuishia hapo.

Mjane wa Hamburg

Hamburg ilimpokea kwa baridi, lugha asiyoijua na watu waliomtazama kama kitu cha maonyesho. Alizaa watoto wengine 3. Mwaka 1870, yule wa mwisho akiwa hajatimiza miezi 4, Ruete alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi. Ndoa yao ilidumu miaka 3 na miezi michache.

Salme akabaki mjane wa miaka 25, katika nchi ya wengine, pesa zikipungua. Alihama kutoka mji hadi mji ndani ya Ujerumani na kufundisha lugha ili watoto wale. Mwaka huohuo Majid alikufa kule Unguja, na aliyekalia kiti ni Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua za uasi. Salme alitumaini kwamba damu ni nzito. Alidai sehemu yake katika urithi wa ndugu waliokufa. Barghash alikataa: dada aliyetoroka na kuacha dini hakuwa tena na fungu katika nyumba ile.

Mwaka 1875 Barghash alitembelea London. Salme alivuka kwenda kumtafuta. Mkubwa mmoja wa Uingereza, Bartle Frere, alimshawishi asimwone kaka yake, akimwahidi kwamba watoto wake watatunzwa. Alikubali, akarudi. Ahadi haikutimizwa.

Miaka 10 baadaye ilikuwa zamu ya Wajerumani. Mwaka 1885 Bismarck alikuwa anataka nchi za bara la Tanganyika, na Barghash alikuwa anapinga. Manowari za Kijerumani zilitumwa Unguja, na Salme akaletwa nazo pamoja na watoto wake. Watu wa mjini walimsalimia kwa furaha, wengine wakimfuata njiani. Kaka yake hakumpokea. Na Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, dai la urithi la Salme halikuwa na kazi tena kwao. Alijaribu safari nyingine mwaka 1888, akarudi mikono mitupu.

Familia nyingi zilizohamishwa na vita zitaelewa sehemu hii bila kufafanuliwa. Aliye mbali na shamba lake anazungumziwa na wengine. Wakubwa wanamkumbuka wakati dai lake linawafaa, na wanalisahau likishafanya kazi yao.

Nani alilipa gharama ya jumba

Mwaka 1886 Salme alichapisha Berlin kitabu cha maisha yake. Ile kalamu ya siri ilimsaidia tena. Lakini hata humo alificha: mimba haikutajwa. Na juu ya watumwa aliandika maneno ya kuwatetea wenye watumwa, kwamba hali yao haikuwa mbaya kama Wazungu walivyosema. Mwaka 2019 mji wa Hamburg ulikipa kiwanja kimoja jina lake. Maneno yale yaliposomwa tena, jina likaondolewa.

Ni haki kuyasoma tena. Dhahabu ya mabinti wa Unguja ilitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Katika ujana wa Salme wengi wao walitoka upande wa Ziwa Nyasa. Misafara ya kutafuta pembe za ndovu ilisonga magharibi, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Maniema. Nyangwe na Kasongo zikawa vituo vikubwa. Mwezi wa 7 mwaka 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi soko la Nyangwe, lililojaa wanawake, kando ya Lualaba. Aliyetawala Unguja wakati huo alikuwa Barghash, yule aliyetoroshwa kwa vazi la kike.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili kinachozungumzwa leo Kindu, Bukavu, Goma na Kalemie. Ndiyo pia sababu Ujiji na Dar es Salaam kuna familia zinazoitwa Wamanyema hadi leo.

Sasa tazama nani ameacha maandishi. Salme aliacha kitabu. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Kasongo, naye aliacha kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili. Mama aliyekuwa anauza mihogo Nyangwe siku ile hakuacha kitu, wala mpagazi aliyebeba pembe hadi pwani. Siri za mapenzi za tajiri mmoja zinajulikana hadi saa na usiku. Majina ya hao wengine yamezama.

Salme alikufa Jena, Ujerumani, tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka 1924, akiwa na miaka 79. Miaka ya mwisho nyumba ya sultani ilikubali kumpa pesa kidogo za matunzo. Katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao Hamburg, karibu na mume wake.

Kwa familia zilizo kambini au kwa wenyeji waliowapokea, kuna jambo la kuchukua hapa. Kalamu na daftari la shule vinatosha kuandika majina ya wazazi na mababu, jina la kijiji, mipaka ya shamba na majirani waliolipakana, na namna safari ya kukimbia ilivyokuwa. Mzee aulizwe angali hai, na mtoto anayejua kusoma aandike. Nakala moja ikae kwa ndugu mwingine, mbali na ile ya kwanza.