Eka za Ngozi

Mama yangu alitokwa na chunusi akiwa na miaka 52, na alizichukulia kama fedheha. Chunusi ni za wasichana, alisema, si za mtu anayesubiri wajukuu. Zilimtoka kidevuni na kwenye mstari wa taya, ngumu na zenye maumivu, na kila iliyopona iliacha doa jeusi lililokaa miezi. Kwenye duka moja la dawa akauziwa tyubu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10. Muuzaji alimsifia kuwa ni kali. Mama akapaka uso mzima, asubuhi na usiku. Siku ya nne ngozi ilikuwa imebabuka kuzunguka mdomo. Aliponiona nimeshtuka, yeye ndiye aliyenituliza: “Inawasha, mwanangu. Ndiyo inafanya kazi.”

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na nimezoea kuuliza wazo limetoka wapi. Hili la kwamba dawa nzuri lazima iume halikuanzia kwa mama wala kwa muuzaji. Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliliamini. Chunusi zimewahi kupakwa salfa na zebaki. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hospitali za Marekani na Ulaya ziliwapiga vijana miale ya eksirei usoni ili kukausha tezi za mafuta. Chunusi zilipungua kweli. Miaka mingi baadaye, baadhi ya vijana hao walipata saratani ya ngozi na ya tezi ya shingo.

Lakini nilipofuata njia ya dawa tunazotumia leo, nilifika mahali ambapo sikutegemea kufika: gerezani.

Gereza la Holmesburg lilikuwa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1951 daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman, aliitwa huko kwa sababu wafungwa walikuwa na fangasi za miguuni. Alipoingia ndani, hakuona wagonjwa. Miaka 15 baadaye alimsimulia mwandishi wa gazeti kwamba aliona mbele yake eka na eka za ngozi, na kwamba alijisikia kama mkulima aliyekuta shamba lenye rutuba.

Alililima shamba hilo hadi mwaka 1974. Migongo ya wafungwa iligawanywa miraba midogo, na kila mraba ukabandikwa kitu chake: losheni, shampuu, manukato, dawa mpya, na katika jaribio moja lililolipiwa na kampuni ya Dow, dioksini, ambayo ni sumu. Wengi wa watu hao walikuwa weusi. Wengi walikuwa mahabusu tu, hawajahukumiwa, na vijidola walivyolipwa vilikuwa njia ya kutafuta pesa ya dhamana. Walitia saini karatasi. Lakini saini ya mtu aliye nyuma ya nondo, asiyeambiwa anachopakwa, haiwezi kuitwa ridhaa.

Majaribio hayo ndiyo yaliyosaidia kuzaa tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A. Mwaka 1969 Kligman na wenzake walichapisha matokeo yake kwa wenye chunusi, na mwaka 1971 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani kwa jina la Retin-A. Ilikuwa dawa kweli: ilizibua vinyweleo vilivyoziba, jambo ambalo vipakwa vya zamani havikulifanya vizuri. Na ilikuwa kali. Watu waliungua, wakabanduka ngozi. Ndipo wagonjwa wenye umri mkubwa, wengi wao wanawake, walipoanza kusema kwamba mikunjo yao inafifia. Dawa ya vijana ikawa dawa ya watu wazima pia, na taratibu zikatoka krimu zenye nguvu ndogo zaidi, ili ngozi isiyostahimili iweze kuzivumilia.

Mwaka 1986, miaka 12 baada ya majaribio ya gerezani kusimamishwa, jina la Kligman linatokea tena kwenye utafiti mdogo ambao kwangu una uzito kuliko vyote. Yeye na wenzake walilinganisha benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, 5 na 10. Ile ya asilimia 2.5 ilipunguza chunusi zilizovimba sawa na zile nyingine mbili, na iliwasha kidogo kuliko ya asilimia 10. Yaani tyubu iliyombabua mama uso haikuwa na faida yoyote juu ya tyubu yenye robo ya nguvu yake. Jambo hili lilijulikana kabla sijazaliwa.

Kwa ngozi kama ya mama, ukali una gharama ya ziada. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, homoni zake huyumba, na chunusi zinaweza kumrudia. Wakati huohuo ngozi yake inakuwa nyembamba na kavu zaidi, haivumilii ilichokivumilia akiwa na miaka 18. Na ngozi nyeusi ikiunguzwa hujibu kwa kumwaga rangi: kila mwasho unaweza kuacha doa. Madoa hayo ndiyo yanayowasukuma wengi wetu kwenye mkorogo, wenye haidrokwinoni au zebaki, na hapo mtu aliyeanza na chunusi tatu anaishia na uso ulioharibika. Ukali wa kwanza huita ukali wa pili.

Kwa hiyo tulianza upya. Daktari wa ngozi alisimamisha kila kitu kwa wiki mbili: sabuni laini isiyo na manukato, losheni nyepesi, kinga ya jua asubuhi. Kisha akaandika adapaleni, ndugu mpole wa tretinoini, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja kila siku tatu, juu ya losheni. Alisema matokeo yasitarajiwe kabla ya miezi mitatu. Mama alimtazama kama mtu anayedhulumiwa. “Haiwashi kabisa,” alilalamika tukiwa njiani. “Itajuaje pa kwenda?”

Usiku ule nilimsimulia habari za Holmesburg. Nilidhani ningemfundisha kitu kuhusu vipimo na asilimia. Yeye aliuliza maswali mengine.

“Walirudi makwao na migongo hiyo?”

Nikamwambia walirudi. Baadhi wakiwa na makovu, baadhi wakiwa na maradhi waliyoamini yalitoka kule. Mwaka 2000 karibu 300 kati yao walikwenda mahakamani, na kesi ikatupwa kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kligman alifariki mwaka 2010 bila kuomba radhi. Kitivo cha udaktari cha chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022. Wengi waliostahili kuusikia msamaha huo walikuwa wameshazikwa.

“Na wake zao?” aliuliza. “Waliambiwa?”

Hilo sikuweza kumjibu. Nimesoma tarehe, majina ya kampuni na hukumu ya mahakama, lakini sikuwa nimemfikiria mwanamke anayempaka mumewe mafuta mgongoni na kukuta miraba.

Sijui nifanye nini na ukweli kwamba tiba inayomsaidia mama yangu ina mizizi kwenye shamba lile. Kuitupa tyubu hakumfuti mtu kovu. Kuipaka bila kukumbuka nako kunanishinda. Ninachokiona ni kwamba upole tunaouambiwa leo, anza kidogo, nenda polepole, acha ngozi ipumzike, ulijifunzwa baada ya ngozi za watu wengine kunyimwa upole huohuo.

Mwezi wa nne sasa. Kidevu kimetulia, madoa mawili yamefifia. Kila usiku wa tatu mama anakaa kitandani, anakamua punje yake, anaitazama kidogo. Bado anasema ni kidogo mno. Lakini anaipaka taratibu, kwa ncha ya kidole, kama anayempaka mtoto mchanga.