Usingizi wa Rungwe: tiba iliyokuwa kwa jirani kabla ya kuingia kikombeni

Mvulana wa Kinyakyusa aliyefikisha miaka kumi hivi, katika enzi za mababu wa wazee wetu wa leo, hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Aliondoka na wenzake wa rika moja, wakajenga vibanda pembezoni mwa kijiji cha wazazi, na usiku wakalala humo pamoja. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, lakini kulala walilala wao kwa wao. Walipooa, wake zao waliwafuata hapo hapo. Kundi la wavulana likawa kijiji kamili chenye mkuu wake, mashamba yake na migomba yake, na watu waliolala jirani utotoni wakazeeka wakiwa majirani.

Utaratibu huo ulitawala nchi ya Wanyakyusa kuanzia miteremko ya Mlima Rungwe hadi tambarare za Kyela, na kata ya Matwebe ya leo, wilayani Rungwe, imo ndani ya eneo hilo. Tunaujua kwa kina kwa sababu ya wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyeandika vitabu, kikiwemo Good Company cha mwaka 1951 kinachohusu vijiji hivyo vya rika.

Nilivirudia vitabu hivyo nikiwa na swali moja linaloulizwa sana siku hizi: mtu asiyepata hata lepe la usingizi atumie nini cha asili, majani gani, mizizi ya mti gani? Nilitarajia orodha ya mimea. Nilichokuta kwa wingi ni habari za majirani. Naamini huko ndiko historia ya tiba ya usingizi katika wilaya hii inakoanzia, na ndiko tunakosahau kutazama.

Kwa Mnyakyusa wa zamani, usiku ulikuwa na hatari yake. Mtu aliyegutuka usingizini jasho likimtoka, koo kama limekabwa, hakusema amepatwa na jinamizi tu. Aliona ameshambuliwa. Wachawi, watu waliamini, walikuwa na chatu tumboni, na chatu hao walitoka usiku kutafuta nyama na maziwa. Lakini kijiji hakikuachwa bila ulinzi. Walikuwepo watu walioitwa abamanga, walinzi, ambao waliwaona wachawi hao ndotoni na kupigana nao usiku huo huo, mkuu wa kijiji akiwa mbele yao. Fikiria maana yake kwa mtu anayejilaza: anajua wapo wenzake, mita chache kutoka mlangoni kwake, ambao hata wakilala wako kazini kwa ajili yake.

Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha makala akilinganisha imani hizi na za Wapondo wa Afrika Kusini. Kwa Wapondo, waliokaa na ndugu wa ukoo mmoja, uchawi ulihusishwa na tamaa za mwili. Kwa Wanyakyusa, waliokaa na watu wasio ndugu, ulihusishwa na chakula: nani kala nyama peke yake, nani kanyimwa maziwa. Hofu ya usiku ilifuata ugomvi wa mchana. Ndiyo maana matibabu yalianza kwa watu. Aliyewanyima majirani alitakiwa kuwaalika wale. Ndugu waliokasirikiana walitakiwa kutamka hasira yao waziwazi mbele ya wenzao, kwa sababu iliaminika kwamba hasira iliyofichwa moyoni ndiyo inayoleta ugonjwa, na hakuna tambiko lililofaa kitu kabla ugomvi haujasemwa. Dawa za majani zilikuwepo, na waganga wake walikuwepo, lakini zilitolewa pamoja na maneno hayo.

Sitaki kuipamba enzi ile. Aliyetuhumiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwafi, dawa ya kupima ukweli, au kufukuzwa kijijini na kwenda kuanza maisha upya ugenini. Usingizi mzuri wa kijiji ulilipiwa na mtu mmoja aliyeondoka usiku na watoto wake, na mara nyingi hakuwa na kosa lolote. Hata leo, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni anaweza kusingiziwa kwamba ndiye anayewanyima watu usingizi. Sehemu hiyo ya urithi haifai kurudishwa.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1891, wamisionari wa Moravian walipojenga kituo chao Rungwe, na wa Berlin wakafika mwaka huo huo. Baadaye Wajerumani wakaweka makao ya wilaya mahali panapoitwa sasa Tukuyu, wakapaita Neu Langenburg. Utawala wa kikoloni ukapiga marufuku mwafi, na sheria ya uchawi ya Waingereza ya mwaka 1928 ikafanya kosa hata kumtaja mtu kwamba ni mchawi. Hofu haikufutika kwa sheria. Kilichopungua ni mahali pa kuisemea.

Pigo kubwa zaidi kwa kijiji cha rika, hata hivyo, lilikuwa ardhi. Zamani kijiji kiliweza kuhama, na vijana waliweza kupata eneo jipya la kuanzisha chao. Kahawa haihami. Mtu aliyepanda mibuni alitaka kuirithisha kwa mwanawe, si kuiachia rika. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika mwaka 1958 jinsi uhaba wa ardhi ulivyokuwa ukiivunja mila hiyo Rungwe. Wakati huo huo wanaume walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na hadi Afrika Kusini. Huko walilala kambini kwa zamu za mgodi. Wake zao walibaki wakilala na watoto, wakisikiliza kila kishindo cha nje. Sioni haja ya kutafuta mbali chanzo cha usingizi wa mang'amung'amu katika familia zilizoishi hivyo kwa miongo kadhaa.

Kisha ikaja chai. Rungwe ni moja ya nchi za chai za Tanzania. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli vinajulikana, na mashamba ya wakulima wadogo yanapanda vilima hadi macho yachoke. Zao hili limesomesha watoto wengi. Lakini chai ya rangi ina kafeini, kiasi cha miligramu 40 hadi 50 kwa kikombe, na mwili huchukua takribani saa tano kuondoa nusu yake tu. Kahawa inazidi hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, zikinywewa saa sita kabla ya kulala, bado zinapunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko wengi wetu tunavyokunywa kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo anayekunywa vikombe viwili saa mbili usiku kwa ajili ya baridi, kisha akahangaika kitandani hadi saa saba, aanze kwa kuangalia birika kabla ya kwenda kuchimba mizizi.

Pombe nayo ina historia hapa. Kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija, ilikuwa kinywaji cha watu kukutana. Inalaza, hilo ni kweli, kama pombe yoyote. Lakini kilevi kinapoisha mwilini usiku wa manane, usingizi hukatika. Mwenye shida ya kuamka saa nane na asirudi kulala hapati msaada kwenye pombe.

Tukija kwenye majani yenyewe, linalotajwa zaidi mikoani mwetu ni mchaichai. Unaota nyuma ya nyumba, unanukia vizuri, na wengi huuchemsha jioni kwa imani kwamba unatuliza. Mwaka 1986 watafiti wa Brazili, ambako nako mchaichai unasifiwa hivyo hivyo, waliwanywesha watu kinywaji hicho na kuwapima. Hawakuona madhara, na hawakuona pia kwamba kinaleta usingizi au kuondoa wasiwasi. Mimi bado nauona una faida: hauna kafeini, na mtu anayeweka mchaichai mahali pa majani ya chai amejiondolea adui mmoja. Sifa hiyo ni ya kile kisichokuwemo kikombeni, na haipungui kwa sababu hiyo.

Karakara, tunda la pesheni linalostawi katika hali ya hewa kama ya Rungwe, lina ndugu yake wa Marekani ambaye majani yake yametumika kwa muda mrefu kutuliza wasiwasi. Ndugu huyo si mmea wetu. Majani ya karakara tunayoijua sisi yana kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sayanidi, kwa hiyo kuyachemsha kwa sababu jina linafanana ni hatari. Kungumanga ya Zanzibar inatiwa kidogo kwenye uji au maziwa, na kwa kidogo hicho haina neno. Ikizidi, hulevya na kutapisha. Maziwa ya moto na ndizi, ambavyo Mnyakyusa hakosi, ni chakula chema cha jioni. Anayelala na njaa hulala vibaya, na sina la kuongeza zaidi ya hilo.

Ulaya ilipita njia hiyo hiyo. Galen, tabibu aliyewahudumia wafalme wa Roma, aliandika kwamba uzeeni alikula saladi jioni ili apate usingizi. Mizizi ya valeriani imesifiwa huko tangu enzi za Wagiriki, na bado inauzwa kwenye vidonge. Mwaka 2017 madaktari wa usingizi wa Marekani walipitia ushahidi uliopo, wakapendekeza isitumike kutibu tatizo la kukosa usingizi, kwa sababu manufaa yake hayakuonekana vya kutosha.

Dawa za kiwandani nazo zilikuwepo wakati Tukuyu ikiwa bado chini ya Wajerumani. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering walitangaza dawa ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Veronal. Ililaza kweli, na iliua watu wengi waliozidisha kipimo. Diazepam ilifuata mwaka 1963 ikijulikana kama Valium. Ni salama kuliko ile ya kwanza, na ina mahali pake hospitalini, lakini mwili huizoea haraka, na mzee aliyeinywa usiku anaweza kuanguka akienda chooni gizani na kuvunjika nyonga.

Ili kukisia usingizi ulikuwaje kabla ya vidonge na birika, tuwatazame watu wanaolala karibu na namna ya kale hapa Tanzania, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vyao pamoja na vya Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wote walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na kwa wastani walianza kulala zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, hewa ikipoa. Si saa nane tunazohimizwa kila siku. Mwaka 2017 David Samson na wenzake wakaleta jambo la kushangaza zaidi. Watu wazima 33 wa Kihadzabe walivaa vipimo mkononi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za usiku, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu wakati wote kulikuwa na angalau mmoja macho, na mara nyingi wazee ndio walioamka mapema. Samson anaona kukesha huko kwa zamu zisizopangwa kuwa ulinzi wa kundi zima.

Wahadzabe si Wanyakyusa, na sitaki kuwafanya kuwa kitu kimoja. Lakini nikiusoma utafiti huo nawakumbuka abamanga. Mtu wa kijiji cha rika alijua kuna walio macho kwa ajili yake, na kwa hiyo aliweza kufumba yake. Leo familia ya Matwebe inalala nyuma ya komeo, simu chini ya mto, mawazo ya ada na ya bei ya mazao kichwani, na kila mmoja anajilinda mwenyewe.

Tiba ambayo Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 itangulie kabla ya kidonge chochote ni ya mazungumzo na mazoea: kuamka saa ile ile kila siku hata kama umelala vibaya, kwenda kitandani ukiwa na usingizi tu, kuinuka na kukaa pengine usingizi ukigoma, na kuzungumza na mtu aliyefunzwa kuhusu mawazo yanayokufanya ukeshe. Haihitaji dawa ya kununua. Inahitaji mtu wa kukusikiliza, na watu waliofunzwa kazi hiyo ni wachache mno katika zahanati zetu. Hapa ndipo jirani, mzee wa kanisa, dada au shemeji anaweza kufanya kazi iliyofanywa zamani bila kumtuhumu yeyote: kukaa na mtu jioni, kabla ya giza, akasema kinachomkera.

Mzee anayeamka saa tisa usiku na mchana akawa na nguvu zake si mgonjwa, hata wanawe wakimsikitikia. Anayekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, akashinda mchana amechoka, aende hospitali. Aende mapema zaidi kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini, au kama amekata tamaa ya kuishi. Na kila jani analokunywa alitaje kwa daktari, asifiche kwa kuogopa kuchekwa, maana baadhi ya mimea huzidisha nguvu ya dawa za usingizi na mingine huchezea dawa za presha na za kisukari.