Kinanda, Ngoma na Majira ya Kanisa

Mkazi wa Kabuta, katika wilaya ya Nchelenge ukingoni mwa Ziwa Mweru, hahitaji kalenda ya ukutani ili ajue kwamba mwaka una majira yake. Kila mwaka Serikali ya Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Siku hizo hizo kanisani huanza Majilio, maana Jumapili yake ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, naye alikuwa mvuvi. Nyavu hupumzika, na kanisa huingia katika kungoja.

Ulaya nako, katika karne ya 17 na ya 18, kungoja huko kulisikika masikioni. Kitabu cha taratibu za maaskofu kilichotolewa Roma mwaka 1600 kilikataza kinanda kisipigwe Jumapili za Majilio na za Kwaresima, isipokuwa Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima. Alhamisi Kuu kilipigwa wakati wa Utukufu, kisha kikanyamaza hadi Utukufu wa mkesha wa Pasaka. Basi kiliponguruma tena kwa mabomba yake yote, nani aliyehitaji kuambiwa kwamba Bwana amefufuka?

Watunzi wa zama hizo, ambazo mtindo wake huitwa Baroko, walitunga kwa kufuata majira hayo. Frescobaldi, mpiga kinanda wa Mtakatifu Petro huko Roma, alitoa kitabu chake cha muziki wa misa mwaka 1635; de Grigny wa Reims, Ufaransa, alitoa chake mwaka 1699. Vyote viwili J. S. Bach, ingawa alikuwa Mlutheri, alijipatia nakala zake na kujifunza kwavyo. Naye alipokuwa Weimar, kati ya mwaka 1708 na 1717, alianza kitabu kidogo cha kinanda kinachofungua kwa Majilio na kuendelea hadi Noeli, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste. Alikusudia vipande 164, akamaliza 46 tu. Katika kipande kinachohusu anguko la Adamu, sauti ya chini inayopigwa kwa miguu huruka na kushuka, ikashuka tena, kana kwamba mtu anaanguka. Lakini tuangalie: msikilizaji aliielewa ishara hiyo kwa sababu maneno ya wimbo aliyajua kwa moyo. Tuni na neno vilikuwa mwili mmoja.

Hapo ndipo lilipo jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha. Wamisionari walipofika Kilimanjaro kutoka Leipzig mwaka 1893, na wale wa London walipoanzisha kituo cha Mbereshi, kusini mwa Ziwa Mweru, mwaka 1900, walikuja na tuni za makwao. Tuni zilivuka bahari. Maneno ilibidi yatungwe upya. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alitegwa shingo. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ambapo tuni nyingi za Ulaya humalizia mstari kwa pigo zito. Mwimbaji akalazimika kutamka "MunGU" na "mwokoZI". Kwa Kibemba, lugha yenye toni, hasara ni kubwa zaidi, kwani sauti ikipanda pasipostahili, neno huweza kugeuka maana. Padre A. M. Jones, aliyefundisha Mapanza, kusini mwa Zambia, alilieleza tatizo hili kwa miaka mingi.

Dawa ilitafutwa pande zote za ziwa. Ng'ambo ya Mweru, katika Katanga inayosema Kiswahili, Padre Guido Haazen na waimbaji wa Kamina walitoa Missa Luba mwaka 1958: maneno ya Kilatini yalibaki, ngoma ikashika mahali pa kinanda. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikisifu kinanda cha mabomba, ukaruhusu pia ala nyingine, na kuagiza muziki wa wenyeji upewe heshima yake. Naye Bernard Kyamanywa, aliyesoma Makumira, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa Kiswahili juu ya tuni ya kienyeji. Wimbo huo sasa umo katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Safari hii ni tuni yetu iliyovuka bahari.

Hatusemi kinanda kitupwe. Bach mwenyewe angetuunga mkono tukisema kwamba majira hayahubiriwi kwa tuni inayovunja neno. Kwa hiyo, ndugu walimu, kabla ya kuwafundisha wanafunzi wimbo wa Noeli au wa Pasaka, tuusome kwanza kwa sauti, tupige makofi penye mkazo, kisha ndipo tuimbe. Makofi na tuni vikigombana, tuirekebishe tuni au tutunge maneno mengine. Mtoto asifundishwe kutamka "Mungu" kwa namna moja darasani na kwa namna nyingine kanisani.