Utepe wa Waviking na Sanad Yake

Ndugu msomaji, wako watu Ulaya na Marekani ambao pumbao lao ni kuiga maisha ya kale. Hushona nguo za Waviking kwa mkono, wakazivaa, wakapiga kambi mashambani. Zamani mifano wakiitafuta katika makumbusho na vitabu vya wachimbaji. Sasa huitafuta katika intaneti, na humo picha nyingi hazina sanad.

Tazama yaliyotokea Oktoba 2017. Annika Larsson, mtaalamu wa vitambaa wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, alitangaza kuwa katika tepe za hariri na fedha zilizotoka makaburini amesoma "Allah" na "Ali" kwa hati ya Kufi. Habari ikazagaa dunia nzima. Na sisi Waislamu, tusifichane, tulifurahi tukaipeleka mbele bila ya kuuliza.

Kisha Stephennie Mulder, mwalimu wa sanaa ya Kiislamu huko Texas, akaeleza kuwa Kufi ile ya mraba ilienea karne nyingi baada ya utepe wenyewe, ambao ni wa karne ya 10. Tena katika mchoro ule alif haimo. Zimo lamu tatu! Wajuzi wa ufumaji nao wakaona kuwa mchoro umeongezwa upana kwa kukisia tu.

Ama dirhamu za Waislamu, zenye shahada kwa Kufi, zimefukuliwa Sweden kwa maelfu, na baadhi zimetobolewa zivaliwe shingoni. Hizo mwenye pumbao lake aweza kuziiga bila ya wasiwasi.