Mapambio ya Costa Mesa: kanisa lilipoanza kurekodi ibada

Mwaka 1965, mchungaji Chuck Smith alipokabidhiwa Calvary Chapel, kanisa dogo la Costa Mesa kusini mwa California, waumini wake hawakufika 30. Miaka sita baadaye jengo lilikuwa limezidiwa, ibada zikafanyika chini ya hema kubwa, na kanisa lilikuwa na kampuni yake ya muziki.

Katikati ya miaka hiyo waliingia mahipi. Mwaka 1968 Smith alimkaribisha Lonnie Frisbee, mhubiri kijana mwenye nywele ndefu, na nyuma yake vijana wa ufukweni wakamiminika, wengi wakiwa peku. Inasimuliwa kwamba wazee wa kanisa walibandika tangazo la kukataza miguu mitupu ili zulia lisichafuke. Smith akalibandua, akawaambia ni heri zulia ling'olewe kuliko kijana mmoja kuzuiwa mlangoni. Vijana hao walibatizwa kwa mamia baharini, Corona del Mar, na Juni 1971 jarida la Time likaitangaza harakati yao kwenye jalada lake.

Walikuja na muziki wao. Chuck Girard, ambaye sauti yake ilikuwa imesikika redioni mwaka 1964 katika wimbo maarufu wa kundi la Hondells, aliokoka akaanzisha bendi ya Love Song pamoja na wenzake. Walimpigia Smith nyimbo walizozitunga, naye akawapa nafasi ibadani. Hawakutakiwa kwanza kunyoa nywele wala kubadili mapigo.

Wengi hudhani mapinduzi yaliletwa na gitaa. Lakini gitaa lilikuwa limekwisha kuingia makanisani: katika miaka hiyohiyo ya sitini, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, parokia kadhaa za Kikatoliki Marekani zilikuwa na misa za magitaa. Kilichobadilisha mambo Costa Mesa ni kwamba kanisa lilijirekodi lenyewe na kuuza lilichorekodi. Mwaka 1971 Smith alianzisha Maranatha! Music, na santuri yake ya kwanza ikakusanya bendi za vijana wa kanisani hapo.

Mwanzoni zilikuwa nyimbo za tamasha: bendi inapiga, watu wanasikiliza. Kisha ikaonekana kuwa mapambio mafupi, ambayo mkutano wote huyashika kwa kusikia mara mbili tu, yanasafiri mbali zaidi. Mfano ni "Seek Ye First", pambio ambalo Karen Lafferty, mwimbaji aliyeacha kazi ya vilabu vya usiku, alilitunga kutokana na Mathayo 6:33. Mwaka 1974 liliingia katika The Praise Album, na baadaye kampuni iliachana na bendi za roki ikashikilia nyimbo za ibada. Kanda ikafanya kazi ya kitabu cha nyimbo: kwaya ya mji wa mbali haikuhitaji kusoma nota, ilisikiliza ikaiga.

Pacha wa Calvary Chapel alikuwa Vineyard, mtandao mwingine wa makanisa. John Wimber, mwanamuziki aliyewahi kufanya kazi na waliokuja kuwa Righteous Brothers, alianza kama mchungaji wa Calvary Chapel kabla ya kuhamia huko mwaka 1982. Makanisa yake yalizoea kuimba wimbo baada ya wimbo bila kukatizwa na matangazo, na nyimbo nyingi zilimsemesha Mungu moja kwa moja. Atakayeingia leo katika kanisa la kiroho Nairobi au Dar es Salaam akakuta kipindi kizima cha kusifu na kuabudu kabla ya neno, ataona mpangilio unaofanana sana na huo.

Mashairi yalipoanza kunakiliwa na kumulikwa ukutani, suala la haki miliki likazuka. Mwaka 1988 shirika la CCLI likaanza kuyauzia makanisa ya Marekani leseni, na watunzi wakalipwa kadiri nyimbo zao zinavyoimbwa. Sasa wimbo wa ibada ulikuwa pia pato la kudumu. Kwenye uwanja huo ndipo Hillsong, kanisa lililoanzishwa Sydney mwaka 1983, lilipopata jina duniani kupitia "Shout to the Lord" wa Darlene Zschech.

Zamani wimbo ulipita kwenye kamati ya dhehebu kabla haujaingia kitabuni. Walikaa wanatheolojia na walimu wa kwaya, wakachuja, pengine kwa miaka. Costa Mesa iliondoa kizuizi hicho, na vijana waliokuwa hawana pa kuimbia wakapata sauti. Kamati haikubaki bila mrithi, hata hivyo. Leo anayeamua waumini waimbe nini Jumapili, kwa sehemu kubwa, ni kanisa lenye studio nzuri na mtandao mpana wa kusambaza, nalo halijawahi kuchaguliwa na sinodi yoyote.