Alidhani nani yuko nyuma ya mlango?

Wadau, mnaikumbuka kesi ya Oscar Pistorius? Usiku wa kuamkia Siku ya Wapendanao, 14 Februari 2013, mkimbiaji huyo alimpiga risasi mpenzi wake, Reeva Steenkamp, nyumbani kwake Pretoria. Hilo halikubishaniwa. Alikiri mwenyewe kwamba alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Tatu zilimpata Reeva. Ubishi ulikuwa mmoja tu: alidhani anampiga nani?

Alisema hivi. Aliamka usiku kuingiza feni zilizokuwa kibarazani, akasikia dirisha la bafuni likifunguliwa, akaamini ni jambazi. Akachukua bastola yake ya milimita 9, akaenda bafuni bila miguu yake ya bandia, akasikia kishindo chooni, akafyatua. Aliporudi kitandani na kukuta Reeva hayupo ndipo alipoelewa, akauvunja mlango kwa gongo la kriketi.

Mimi maelezo haya yananipa shida. Unasikia jambazi, mwenzako yuko kitandani, unampita bila kuhakikisha kama yupo na kama amekusikia? Na huyo aliyeko chooni, akisikia unapiga kelele kwamba polisi waitwe, anakaa kimya? Daktari aliyechunguza mwili alisema Reeva alikula kama saa mbili hivi kabla ya kufa, wakati Pistorius alidai walikuwa wamelala tangu saa nne usiku. Majirani nao walisema walisikia mwanamke akipiga mayowe. Upande wa utetezi ukajibu kuwa sauti hiyo ilikuwa ya Pistorius mwenyewe.

Lakini shaka yangu haimfungi mtu. Jaji Thokozile Masipa alimwona Pistorius shahidi dhaifu sana, ila akasema shahidi mwongo si lazima awe muuaji. Kuhusu majirani na chakula tumboni aliona hakuna uhakika wa kutosha. Septemba 2014 akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo miaka 5. Wengi walikasirika. Mimi hapo naona alikuwa sahihi: ni mashtaka yanayopaswa kuthibitisha bila kuacha shaka, na wawili tu walijua kilichotokea, mmoja kafa.

Kosa lilikuwa kwingine, na ndilo wengi hawalikumbuki. Masipa alisema Pistorius hakuona mbele kwamba angeua aliye nyuma ya mlango, kwa kuwa aliamini Reeva yuko chumbani. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikalipindua hilo. Jaji Eric Leach na wenzake waliuliza swali jepesi: awe Reeva, awe jambazi, si kulikuwa na mtu? Choo ni kijichumba kidogo, hakuna pa kujificha, na umepiga risasi nne. Ulijua mtu anaweza kufa, ukaendelea. Wanasheria wa kule wanaita dolus eventualis, na ni mauaji ya kukusudia. Walisema pia kwamba sababu alizotoa za kufyatua zilipingana kiasi cha kutojulikana ipi ya kweli.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo iko karibu na hapo: ukijua kitendo chako huenda kikaua mtu, dhamira ovu ipo hata kama aliyekufa siye uliyemlenga.

Julai 2016 Masipa alimpa miaka 6. Novemba 2017 rufaa ikaifanya 13 na miezi mitano. Januari 2024 akatoka kwa parole.

Kwa hiyo hakuhukumiwa kwa sababu mahakama iliamini alimlenga Reeva. Hilo halikuthibitishwa kamwe. Alihukumiwa ndani ya maelezo yake mwenyewe. Na hapo ndipo tunapaswa kujiuliza, sisi ambao tukisikia "nilidhani ni mwizi" tunatikisa kichwa kukubali: tangu lini mwizi akawa si mtu?